Kabla ya Simba na Yanga, dabi ilikuwa ya farasi wa miaka mitatu

Simba na Yanga zikikutana, kuanzia Katesh hadi Haydom stori ni moja tu: Dabi ya Kariakoo. Lakini neno 'dabi' halikuanzia kwenye mpira. Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, lilitoka kwenye mbio za farasi, tena farasi vijana.

Ilikuwa mwaka 1780, Epsom, Uingereza. Tajiri mmoja mwenye cheo cha Earl wa Derby alianzisha mbio mpya. Inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake, Sir Charles Bunbury, walirusha sarafu kuamua mbio ziitwe kwa jina la nani. Derby akashinda. Bunbury naye hakutoka kapa, maana farasi wake Diomed ndiye aliyeshinda mbio za kwanza. Sarafu ingelalia upande wa pili, huenda leo tungesema Bunbury ya Kariakoo.

Sharti la mbio hizo ni gumu. Wanakimbia thorobredi tu, yaani farasi wa ukoo maalumu wa mbio, kwenye uwanja usio na viunzi vya kuruka, na lazima wawe na miaka mitatu. Uingereza farasi hao wote huongezewa mwaka Januari 1, hata aliyezaliwa Mei. Mwakani ameshapita umri. Akiumia wiki ya mbio, basi, hana dabi nyingine maishani.

Walowezi wa Kiingereza walileta utamaduni huo Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakanakili hadi majina: Derby, Oaks, St Leger. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, na barabara ya Race Course bado ipo japo farasi hawapo. Kariokor na Kariakoo ni neno lilelile, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1954 mbio zilihamia uwanja wa Ngong Road, na Kenya Derby inakimbiwa huko mpaka leo.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha St Leger ya mwaka 1926, nayo mbio ya farasi wa miaka mitatu. Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro, alikuwa na umri wa miaka 23 hivi na tayari alikuwa mkufunzi wa farasi. Kwa mujibu wa kitabu chake cha mwaka 1942, mwenye farasi aliyetarajiwa kushinda, Wrack, alimnyang'anya farasi huyo kabla ya mbio akampa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na Wise Child, farasi jike mwenye kano mbovu za miguu. Wise Child akampiga Wrack. Miaka 10 baadaye Beryl alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege.

Tukumbuke pia kwamba enzi hizo wenye farasi walikuwa wazungu, na Waafrika wengi walibaki masaisi, watunzaji wa mazizi. Siku hizi wapanda farasi wengi wa Ngong ni Waafrika.

Mbona huku Mbulu na Hanang hakuna? Adui mmoja ni usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa. Baridi ya nyanda za juu husaidia, lakini bado anahitaji chanjo, daktari na zizi la kulala usiku, na hizo ni pesa. Punda akiambukizwa ugonjwa huohuo, kwa kawaida haumwi sana. Kesho yake anabeba maji kama kawaida.