Miguu Inapokaza: Ukoo, Muhogo au Uchawi?

Kwenye mawe ya volkeno ya Goma, Kongo, dalili ya kwanza huonekana kwenye kiatu: soli imelika ncha, kwa kuwa vidole havinyanyuki vizuri. Baadaye miguu inakaza na magoti yanasuguana. Mdogo wake mgonjwa naye akianza hivyo, ukoo huulizana ni nani aliyewaroga.

Huenda ni ugonjwa wa kurithi, ambao daktari Mjerumani Adolf Strümpell aliueleza mwaka 1880. Amri ya kutembea hutoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya ugwe wa mgongo kwa nyuzi za neva, nyingine zikikaribia urefu wa mita 1. Chakula cha uzi huo husafirishwa kutoka kwenye seli hadi nchani kupitia vijia vyembamba mno. Jeni ya SPAST, iliyotambuliwa mwaka 1999, husaidia kuvitunza. Ikiwa na hitilafu, uzi huanza kufa kwenye ncha. Nyuzi ndefu ndizo hutangulia, ndiyo maana miguu hulemaa na mikono kwa kawaida husalimika. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa 50% wa kuirithi.

Lakini Kongo ina pia konzo, ugonjwa wa miguu kukaza unaoletwa na muhogo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, na mwaka 2011 watafiti waliripoti wagonjwa Kivu Kusini. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu ya sayanidi, na mwili uliokosa protini hushindwa kuiondoa. Vita na njaa hufupisha siku za kuloweka.

Magonjwa yote mawili hudhuru neva zilezile za amri. Ukigonga chini ya goti, mguu huruka kwa nguvu. Kwa hiyo nyundo ya daktari peke yake haitoshi kuyatofautisha. Yapo maswali matatu. Ulianza lini? Konzo huangusha mtu ndani ya wiki moja, kisha haizidi. Wa kurithi hunyemelea miaka mingi. Nani mwingine katika ukoo? Mlikuwa mnakula nini?

Ikiwa ni konzo, waliobaki nyumbani wanaweza kukingwa: lowesha unga wa muhogo, utandaze mwembamba, uuache saa 2 juani au 5 kivulini, sumu nyingi ipotelee hewani. Ikiwa ni wa kurithi, tiba ya kuumaliza haipo, ila mazoezi, dawa za kulegeza misuli na magongo humwezesha mtu kuendelea na kazi zake. Tuyaulize maswali hayo kabla ya kumnyooshea bibi wa watu kidole.