Muziki kutoka nyumbani: namna ya kufarijiana wakati hatuwezi kukutana



Wengi wenu mnajua uchungu wa kukatazwa kukusanyika. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilitulazimisha kuacha kusalimiana kwa mikono na kuacha kuosha maiti ya ndugu zetu. Mlipuko huo ulikuwa haujakwisha bado wakati korona ilipoingia Kongo, Machi 2020. Makanisa, misikiti na masomo vikafungwa. Watu wakauliza: tutafarijiana namna gani kama hatuwezi kukaa pamoja kwenye matanga?

Swali hilo liliulizwa katika nchi nyingi. Hapa tunaeleza namna mwanamuziki mmoja alivyolijibu, na jambo ambalo sisi tunaweza kuchukua kwake.

Yo-Yo Ma ni nani?

Yo-Yo Ma alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1955. Wazazi wake walikuwa Wachina walioishi ugenini. Alipokuwa na miaka 7, familia ilihamia New York, Marekani. Yeye hupiga selo, chombo cha nyuzi nne ambacho mpigaji hukishika kati ya magoti na kukipiga kwa upinde. Sauti yake ni nzito, inakaribia sauti ya mtu anayeimba. Tangu mwaka 2006 yeye ni Mjumbe wa Amani wa Umoja wa Mataifa.

Alifanya nini?

Machi 2020 kumbi za muziki zilifungwa. Tarehe 13 mwezi huo, Yo-Yo Ma alijirekodi akiwa peke yake, akaweka picha na sauti hiyo kwenye intaneti ili kila mtu aisikilize bila malipo. Alichagua wimbo unaoitwa «Kwenda Nyumbani». Sauti ya wimbo huo imetoka katika simfonia ambayo Antonín Dvořák, mtu wa Bohemia, aliitunga mwaka 1893 alipokuwa akiishi New York, mbali na nchi yake. Baadaye mwanafunzi wake aliitungia maneno juu ya kurudi nyumbani. Mtu aliyekimbia kwao haelezwi sana kwa nini wimbo wa namna hiyo unagusa moyo.

Siku chache baadaye alipiga kipande cha Bach, akasema wazi kwamba ni kwa ajili ya waganga na wauguzi wanaohudumia wagonjwa. Aliwaalika na wengine watoe nyimbo zao za faraja, na wengi waliitika. Tarehe 24 Mei 2020 alipiga mfululizo suite zote sita ambazo Bach alizitunga kwa ajili ya selo, kuwakumbuka waliokufa. Watu walimsikiliza wakiwa makwao.

Tarehe 13 Machi 2021, mwaka mzima baada ya wimbo ule wa kwanza, alikwenda kupata chanjo yake ya pili katika mji wa Pittsfield. Kila aliyechanjwa alipaswa kungoja dakika 15. Yeye alikaa kando karibu na ukuta, akatoa selo yake, akawapigia waliokuwa wakingoja.

Kwa nini alipiga peke yake?

Sauti inayopita kwenye intaneti huchelewa kidogo. Katika mazungumzo kuchelewa huko hakusumbui sana, lakini wapigaji wawili walio mbali hupotezana mara moja. Kwa hiyo vikundi vilitumia njia nyingine: kila mtu alirekodi sehemu yake nyumbani, kisha fundi akaziunganisha. Wanamuziki wa orkestra ya Rotterdam, Uholanzi, walifanya hivyo na muziki wa Beethoven mwezi huohuo wa Machi 2020. Kwaya zetu pia zinaweza kutumia njia hiyo kwa simu.

Sisi tunajifunza nini?

Muziki hauponyi Ebola wala korona, na haurudishi shamba lililochukuliwa. Lakini mtu anayejua kwamba amekumbukwa anavumilia vizuri zaidi. Tunawashauri viongozi mambo haya:

Kwanza, taja ni nani anayeimbiwa. «Wimbo huu ni kwa ajili ya mama waliofiwa wiki hii» una nguvu kuliko wimbo uliotumwa bila neno. Lakini waulize kwanza wafiwa kama wanapenda kutajwa.

Pili, msiwasahau wasio na simu. Redio ya jamii inaweza kupiga wimbo uliorekodiwa. Na pale ugonjwa unaporuhusu, mwimbaji mmoja anaweza kusimama mbali kidogo na mlango, kama Yo-Yo Ma alivyokaa kando kule Pittsfield.

Tatu, angalieni wimbo wenyewe. Simu inayobeba faraja ndiyo hiyo inayobeba nyimbo za kusifu wapiganaji na kutukana kabila la jirani. Wimbo huo ukifika kambini wakati watu wamefungiwa na wana hofu, unaweza kuharibu kwa siku moja mapatano yaliyojengwa kwa miezi. Kiongozi asiutume mbele, hata kama ameupokea kutoka kwa ndugu yake. Na autafute wimbo ambao jirani wa kabila lingine anaweza kuusikia bila kuogopa.

Familia nyingi zimetawanyika: mmoja yuko kambini, mwingine mjini, mwingine amevuka mpaka hadi Uganda. Hata bila ugonjwa, hawawezi kukutana. Jioni hii, kama una simu na salio kidogo, mwimbie mmoja wao wimbo wa nyumbani kwenu, na umtaje kwa jina lake.