Bogenvilia Haitaki Urea

"Bogenvilia yangu imepanda ukuta mpaka imefika paani, majani tele, ua hata moja hakuna. Niweke mbolea gani?" Nimeshaulizwa hivi mara nyingi mno, na jibu halijabadilika: usiweke yoyote.

Watu wameshika kwamba mmea usiotoa maua una njaa. Basi mtu anachota urea iliyobaki shambani, anaimwaga shinani, kisha anamwagilia asubuhi na jioni. Urea ni naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni hukuza majani na matawi. Baada ya majuma machache machipukizi marefu, laini, yenye miiba, yamevuka ukuta hadi kwa jirani. Mwenyewe akiona ule ukijani anadhani dawa imefanya kazi, anaongeza. Jamani, hicho unachokilisha ndicho hicho unachokilalamikia! Hata maji ya kuoshea mchele na makapi ya chai, ambayo wengine humwaga shinani, hayasaidii lolote. Yanazidi tu kulowesha udongo ambao ulipaswa kukauka.

Lisogelee ua lenyewe ulitazame. Zile karatasi tatu za zambarau ni majani yaliyogeuka rangi. Maua halisi ni vile vimrija vyeupe katikati. Mmea huu hutoa maua kwenye machipukizi mapya, ukipata jua kali na kiu kidogo. Ndiyo maana bogenvilia za kando ya barabara Mombasa na Dar es Salaam, ambazo hakuna anayezimwagilia, hufunikwa na maua wakati wa kiangazi.

Fanya hivi. Mmea upate jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Ukuta wako ukiwa kivulini, panda kitu kingine. Maua yakiisha, kata matawi marefu. Acha udongo ukauke hadi majani yaanze kulegea, mwagilia sana mara moja, kisha uache tena. Bogenvilia hainati ukutani: pigilia misumari, vuta waya, ufunge matawi kwa kitambaa laini. Kwenye seng'enge, yapenyeze tu, na uvae glavu. Ukitaka mmea unaojinatia wenyewe, fikasi tambaazi inafaa ukuta wa mawe, si uliopakwa rangi, kwa sababu ukiibandua inang'oka na rangi. Ukitaka uzio unaolisha nyumba, panda pasheni.

Urea ipelekeni kwenye mahindi. Huko inahitajika.