Mama Mja Mzito na Mtoto Wake: Mashauri kwa Wazazi wa Mwanda

Atokaye Voi kwenda Mwanda huyaacha nyuma mbuga makavu na joto la Tsavo, hupita Mwatate, kisha hupanda milima ya Taita kwa barabara yenye kona nyingi. Huko juu hali ya hewa ni nyingine. Ukungu hushuka asubuhi, baridi hukaa mpaka jua lipande, na kilele cha Vuria, kilicho kirefu kupita vyote vya Taita, hufika mita 2,208 juu ya bahari. Ni nchi nzuri ya mboga, ndizi na maharage, tena ni nchi ya watu wenye bidii. Lakini milima ileile ipendezayo macho yaweza kuwa adui wa mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, katika masika ya Aprili, wakati njia imekuwa tope tupu.

Kwa hiyo leo twataka kueleza mambo yawapasayo wazazi, baba na mama, tangu siku mimba ijulikanapo mpaka mtoto asimame kwa miguu yake. Mashauri haya yanawafaa watu wa Mwanda, na wengine wote wakaao mbali na hospitali kubwa.

Kwa nini jambo hili ni kubwa

Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walikufa kwa sababu ya mimba au kujifungua. Wengi wa akina mama wafao hivi huuawa na mambo yanayojulikana na yenye dawa: kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba, uchafu kuingia katika tumbo la uzazi, na uchungu uliozuiliwa mtoto asiweze kupita.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba kifo cha namna hii hutokana na kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza ni kuchelewa nyumbani kukata shauri. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Kuchelewa kwa tatu ni kazi ya serikali na waganga wake kukuondoa. Lakini kule kwa kwanza kumo mikononi mwetu kabisa, na kule kwa pili twaweza kukupunguza sana tukijitayarisha mapema.

Hudhuria kliniki mapema

Mwanamke akiona ametimiza miezi miwili bila kuona siku zake, asingoje tumbo lionekane na majirani. Aende kliniki kabla mimba haijapita majuma 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu limeshauri kwamba mama mja mzito aonane na wauguzi mara nane, si mara nne kama ilivyokuwa zamani.

Kazi ya kliniki si kupima tumbo tu. Nesi hupima mpando wa damu, kwa kuwa ukipanda sana huweza kuleta kifafa cha mimba. Hupima damu aone kama imepungua, na kama mna kaswende au virusi vya Ukimwi. Mtu asiogope kipimo hiki. Mama mwenye virusi asipotibiwa, watoto 15 mpaka 45 katika 100 waweza kuambukizwa. Akipewa dawa na kuzifuata vema, hupungua wakawa chini ya 5, hata akiwa ananyonyesha. Ni heri baba naye aende apimwe siku ileile, wapate kusaidiana badala ya kushukiana.

Mama hupewa pia vidonge vya madini ya chuma na foliki, avimeze kila siku. Wengine huvitupa kwa sababu huleta kichefuchefu au hugeuza choo kuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa. Akichafukwa na moyo, avimeze usiku baada ya chakula. Tena hupigwa sindano ya kukinga pepopunda, inayomlinda yeye na mtoto. Mambo yote huandikwa katika Kitabu cha Mama na Mtoto. Kitabu hicho kitunzwe mahali pakavu, na kila aendapo hospitali aende nacho, maana ndicho kimsemeacho mama asiyeweza kusema.

Chakula na kazi

Mja mzito hahitaji vyakula vya dukani. Kimanga cha mihogo, viazi vitamu na maharage ni chakula chema. Aongeze mboga za majani, matunda, maziwa, na mayai au nyama zipatikanapo. Mahali pengine wazee humkataza mama kula mayai wakisema mtoto atakuwa mkubwa mno. Neno hilo si kweli, nalo humnyima mama kile anachokihitaji zaidi. Pombe, hata ile ya miwa itengenezwayo nyumbani, aiache kabisa, na tumbako vilevile.

Kuhusu kazi, twasema na akina baba. Kupanda kilima na mtungi wa maji au mzigo wa kuni si kazi ya mwanamke aliye na mimba ya miezi minane. Mume achukuaye mtungi huo hapunguziwi heshima yake. Na wale washukao nyikani penye joto kwenda mashambani au kuzuru jamaa, wakumbuke kulala ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria humdhuru mja mzito na mtoto aliye tumboni.

Dalili za hatari

Zifuatazo ni dalili ambazo mama akiona hata moja yampasa aende hospitali saa ileile, usiku au mchana:

1. Damu kutoka ukeni, hata kidogo.
2. Kuumwa na kichwa sana, au macho kuona giza.
3. Uso na mikono kuvimba.
4. Kushikwa na kifafa.
5. Homa kali, au maumivu makali ya tumbo.
6. Mtoto kupunguza kucheza tumboni.
7. Maji kupasuka kabla ya wakati wake.

Shauri lililokatwa mapema

Tuchukue mfano. Bibi mmoja ashikwa na uchungu jioni. Mumewe yuko kazini Mombasa. Mavyaa yake asema, “Mwanangu, sisi sote tulizalia hapahapa nyumbani. Tungoje asubuhi.” Bibi huyu amwona damu ikitoka, lakini aogopa kumjibu mama mkwe, na fedha zote zimo mkononi mwa mume. Simu yapigwa, haipatikani. Hata alfajiri gari lipatikanapo, mvua imekwisha haribu njia. Hakuna mtu mbaya katika nyumba hii. Mavyaa amependa mkwewe, na mume amependa mkewe. Walilokosa ni kuzungumza mapema. Tena ikumbukwe kwamba mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili tu.

Wazee wa Taita walijua tangu zamani kwamba neno lililofichwa moyoni laweza kuleta msiba. Grace Harris, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi watu walivyofanya kutasa: mtu hutema maji au pombe ya miwa, huku akitamka kwamba ameitoa hasira iliyomo moyoni mwake, ili jamaa yake apate afya. Hatusemi kwamba kutasa kwaweza kuzuia damu. Lakini hekima iliyomo ni hii, kwamba afya ya mtu mmoja ni shauri la jamaa nzima, na jamaa hupona kwa kusema wazi. Basi mimba ifikapo miezi saba, mume, mke na mavyaa waketi pamoja wakubaliane mambo haya:

1. Mama atajifungulia wapi. Kituo cha afya kilicho karibu chafaa kwa uzazi wa kawaida. Lakini aliyezaa kwa kupasuliwa, mwenye mapacha, au aliyewahi kutokwa na damu nyingi, apelekwe mapema hospitali kubwa, kama ya Wesu au ile ya Moi iliyoko Voi.
2. Nani mwenye gari au pikipiki atakayeitwa, na namba yake iandikwe ukutani.
3. Fedha ziwekwe kando, mahali ambapo mama mwenyewe aweza kuzichukua.
4. Nani atakayemsindikiza, na nani atakayebaki na watoto.
5. Nani awezaye kutoa damu ikihitajiwa.
6. Mavyaa au jirani awe na ruhusa ya kukata shauri mume asipokuwapo.

Katika milima hii, siku za mvua kubwa, ni busara mama akae kwa jamaa aliye karibu na hospitali majuma mawili ya mwisho. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na mwaka 2016 ukaja mpango wa Linda Mama. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya imekuwa chini ya mamlaka mpya iitwayo SHA. Kwa hiyo yafaa kila jamaa ijiandikishe kabla ya siku ya haja. Watu wameanza kufahamu. Mwaka 2014 watoto 61 katika 100 walizaliwa hospitalini nchini Kenya. Mwaka 2022 walikuwa 82. Na wakunga wetu wa kienyeji wana kazi njema ya kufanya: kumsindikiza mama na kumtia moyo.

Mtoto akizaliwa

Mtoto mchanga awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwe vema, hasa katika baridi ya Mwanda. Asioshwe mpaka saa 24 zipite. Anyonyeshwe kabla ya saa moja kwisha. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa, kwani ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kwa miezi sita apewe maziwa ya mama tu, wala si maji, wala si uji. Kitovu kisipakwe majivu wala mavi ya ng'ombe; kitunzwe kama nesi alivyoagiza.

Twaonya tena juu ya moto. Miezi ya Juni na Julai watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya makaa haina harufu, nayo huua watu waliolala. Moshi wa kuni nao huharibu mapafu ya watoto na kuwaletea nimonia. Jiko likae nje au penye dirisha wazi, na mtoto apashwe moto kwa nguo na kwa mwili wa mama.

Chanjo hutolewa siku ya kuzaliwa, kisha majuma 6, 10 na 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Hizo humkinga mtoto na kifua kikuu, kupooza, dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua na mengineyo. Atimizapo miezi sita aanze kula vyakula laini: viazi, ndizi, maharage yaliyopondwa, parachichi na yai, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Akiharisha, asinyimwe maji wala ziwa. Apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi yatolewayo kliniki, pamoja na vidonge vya zinki.

Mama naye apumzike. Yafaa ipite miezi 24 baada ya kuzaa kabla hajachukua mimba nyingine, na nesi ataeleza njia za kupanga uzazi, mume akiwapo.

Kulea ni kazi ya wawili

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Azungumziwe tangu siku ya kwanza, achezewe, aimbiwe, maana akili hukua kwa kusikia na kujibiwa. Baba asingoje mtoto aende shule ndipo amjue. Akikosa, aonywe kwa maneno na kwa mfano. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yakataza mtu kuadhibiwa kwa viboko. Tena kuzaliwa kwake kuandikishwe kabla ya miezi sita kupita, maana asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu shuleni, na baadaye atakapotaka kitambulisho.

Mwenye shaka amwulize mhudumu wa afya wa kijiji chake. Mwaka 2023 serikali ilituma wahudumu hao zaidi ya 100,000 nchini kote, nao huingia nyumba kwa nyumba. Basi enyi wazazi, msikilizeni akija, na usiku wa leo, baada ya chakula, semezaneni juu ya namba ile itakayoandikwa ukutani.