Mahindi na Maharage: Sahani ya Meksiko Katika Mgahawa wa Kabuga

Askari asafiriye nje ya nchi yake, awe kazini, masomoni au michezoni, hupimwa na wenyeji mahali pawili hasa: barabarani na mezani. Barabarani sheria humwongoza. Mezani huachiwa adabu yake mwenyewe. Kwa hiyo yafaa leo tuzungumze na ndugu zetu wa majeshi na polisi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni kula katika mgahawa wa bei nafuu ugenini. Mfano wetu twauchukua Kabuga, nchini Rwanda.

Kabuga ni mji mdogo ulio ukingoni mwa Kigali upande wa mashariki, katika wilaya ya Gasabo. Atokaye Tanzania kwa gari kwa kawaida huupita. Akiisha kuvuka daraja jipya la Rusumo, lililozinduliwa Aprili 2016, hushika upande wa kulia wa barabara, hupita Kayonza na Rwamagana, kisha hufika Kabuga kabla ya kuiona Kigali yenyewe. Jirani yake, huko Masaka, ipo bandari kavu ipokeayo shehena za malori. Kwa sababu hiyo migahawa ya njia ile imezoea wageni, na Kiswahili husikika humo pamoja na Kinyarwanda.

Chakula cha mchana cha watu wa kawaida huitwa kwa neno la Kifaransa, "mélange", maana yake mchanganyiko. Mteja huchukua sahani, akajipakulia wali, ndizi, viazi, maharage, kabichi, na kisamvu ambacho wenyeji hukiita isombe. Pengine huwapo pia ugali wa mahindi, uitwao kawunga. Nyama hugawiwa na mhudumu, kipande kimoja au viwili. Desturi ni kupakua mara moja tu, wala hairuhusiwi kurudia. Basi sahani hupandishwa hadi ifanane na vilima vya nchi yenyewe. Juu yake hudondoshwa tone moja au mawili ya Akabanga, mafuta ya pilipili yauzwayo katika kichupa kidogo. Asiyeyajua akimimina kama mchuzi, atajuta!

Mgeni aweza kudhani kwamba hicho ni chakula cha Rwanda peke yake. La hasha. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita. Maharage yalianza kulimwa huko huko na katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Nyanya, parachichi, maboga na pilipili za jamii hii nazo zatoka bara la Amerika, na zilikuwa katika vyungu vya Wameksiko kabla ya Wazungu kufika. Ni baada ya mwaka 1492 ndipo mbegu hizo zilipovuka bahari, na Wareno wakawa miongoni mwa walioziingiza Afrika. Mkulima wa Meksiko hupanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, na maharage hutambaa juu ya bua la muhindi. Mkulima wa Rwanda naye ana maharage yatambaayo, ila yeye huyasimikia vijiti.

Hata namna ya kula yafanana. Katika miji ya Meksiko mfanyakazi hula mchana katika mgahawa mdogo uitwao fonda. Kwa bei moja iliyokwisha kutajwa huletewa supu, wali, kitoweo, maharage na tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi. Aliyekula Kabuga hatakuwa mgeni huko, wala aliyekulia makande nyumbani au katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa hatakuwa mgeni popote katika hapo pawili.

Wala tusikiite chakula hicho duni. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na upungufu wa maharage huzibwa na mahindi. Viwili hivyo pamoja humjenga mtu mwenye kazi ngumu hata siku ambayo nyama haikupatikana.

Sasa tuje kwenye adabu. Kwanza, ulizeni bei kabla ya kupakua: "Ni angahe?" Mkisha kula, semeni "Murakoze", yaani asanteni. Pili, Wanyarwanda hawapendi kumwona mtu mzima akila huku akitembea njiani, ketini. Tatu, msimwulize mtu mezani habari za kabila lake. Nchi ile ilipatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na jirani yako katika benchi aweza kuwa amepoteza jamaa zake wote. Kiswahili kitawatosha kwa mazungumzo mengine. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya kuwa lugha rasmi.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: lipeni. Mwenye mgahawa mdogo hununua maharage, mkaa na mafuta asubuhi kwa fedha aliyouzia jana. Sahani moja isiyolipwa humla faida ya sahani kadhaa zilizolipwa. Yeye amwogopaye mwenye sare hatadai. Atatabasamu tu, kisha jioni atahesabu hasara yake kimya kimya. Askari atadhani amekirimiwa, kumbe amechukua. Na wakiwa ugenini, hasara ile haitaandikwa kwa jina lake binafsi, bali kwa jina la nchi iliyo begani mwake.

Jambo hili si la ugenini peke yake. Mama ntilie wa kando ya kituo cha polisi au lango la kambi ni yule yule wa Kabuga, na chungu chake ni kile kile cha mahindi na maharage. Anayemlipa huyu wa nyumbani kila siku hatahitaji kufundishwa namna ya kumlipa yule wa mbali. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi ndugu askari, mkifika Kabuga, kuleni mshibe, na mwenyeji naye apone.