Nukta Nundu na Silabi ya Kiswahili

Jina Mumbuni, mtaa wa Machakos, likiandikwa kwa nukta nundu huchukua alama saba kwa herufi saba, bila kuhesabu alama ya herufi kubwa. Machakos lina herufi nane, lakini katika breli fupi ya Kiingereza huchukua alama saba pia, kwani "ch" ina alama yake moja.

Kwa miaka mingi breli ya Uingereza ilitofautiana na ya Marekani. Baraza la kimataifa la breli ya Kiingereza, lililoundwa mwaka 1991, lilisimamia kanuni moja iliyoidhinishwa mwaka 2004. Vifupisho tisa viliondolewa. Marekani ilijikokota, ilianza kuitumia Januari 2016.

Vifupisho vilivyobaki, hata hivyo, vilizaliwa na tahajia ya Kiingereza. Neno "forodha" lina silabi tatu: fo-ro-dha. Alama moja isimamayo badala ya herufi f-o-r huipasua silabi ya pili. Katika "kanda", yaani ka-nda, alama ya a-n-d huvuka mpaka wa silabi na kuacha k na a zikiwa pembeni. Si ajabu kwamba kanuni hiyo huelekeza matini ya lugha ngeni yaandikwe bila vifupisho vya Kiingereza.

Lakini breli isiyofupishwa hunenepesha vitabu. Vifupisho vya Kiswahili, basi, havina budi kutokana na viambishi na silabi zake, na kuafikiwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, ili kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kisomeke Machakos. Kazi hiyo ni ya wanaisimu wakishirikiana na wasomaji wasioona.