Istilahi za Gereji: Maneno Yanayomgharimu Mwenye Gari Kuukuu

Madhumuni ya makala haya ni kueleza matumizi ya maneno manne yanayosikika kila siku katika gereji zetu, na kupendekeza njia ya kuondoa utata uliomo ndani yake. Maneno hayo ni mafuta ya breki, kizuia kuganda, matengenezo, na spea bandia. Tumechagua kuyatazama kwa upande wa mtu mmoja mahususi, naye ni mwenye gari kuukuu la fahari ambaye mfuko wake ni mdogo.

Mtu huyu ana shida ya pekee. Gari la fahari linapozeeka, bei yake hushuka mpaka mwalimu au karani akaweza kulinunua. Lakini ugumu wa mitambo yake haushuki, wala bei ya spea zake haishuki kwa kiasi hichohicho. Mnunuzi hurithi mitambo ya tajiri, akaitunza kwa mshahara wa kawaida. Kwa kuwa hawezi kubahatisha, hutegemea mambo mawili: kitabu cha maelezo ya gari na karatasi ya makisio aliyoandikiwa na fundi. Neno likiwa na utata katika mojawapo, gharama ni yake.

Mfano wetu utakuwa Mercedes-Benz ya aina ya W123, ambayo sedani zake zilitengenezwa kati ya 1975 na 1985. Magari ya aina hii ya maumbo yote yalikaribia milioni 2.7, na mengine yanatembea hata leo. Chapa hii ndiyo iliyoipa lugha yetu neno Wabenzi, yaani wakubwa waliotambulikana kwa magari yao. Siku hizi Mbenzi huenda akawa mstaafu anayehesabu shilingi mbele ya duka la spea.

1. Mafuta ya breki

Katika gereji, neno mafuta limebeba mzigo mkubwa. Dizeli ni mafuta, kilainishi cha injini ni mafuta, cha gia ni mafuta, na kile kinachosukuma breki nacho huitwa mafuta ya breki. Kwa hakika, kinachotumika katika breki za gari kama hili si mafuta hata kidogo. Ni kiowevu cha jamii ya glaikoli, na mipira iliyomo ndani ya silinda za breki imetengenezwa ili ikubaliane nacho. Mtu akiongeza mafuta ya injini kwa kudhani kwamba “mafuta ni mafuta,” mipira hiyo huvimba na kuharibika, na breki zikafa.

Kuna tofauti nyingine inayofichwa na neno hilo. Mafuta na maji havichanganyiki, na kila mpishi anajua. Kiowevu cha breki, kinyume chake, hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri kinavyokaa. Kanuni ya daraja la DOT 4 hudai kiowevu kikavu kisichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini kikisha kunyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 155. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, breki hupata moto mkali. Kiowevu kikongwe huchemka na kufanya mapovu, na dereva akikanyaga pedeli huikuta laini, haina nguvu. Hiyo ndiyo sababu ya kukibadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, ingawa hakijapungua. Twapendekeza istilahi iwe kiowevu cha breki.

2. Kizuia kuganda

Hapa kosa limetokana na tafsiri. Jina la Kizungu la dawa inayotiwa katika rejeta lilitungwa katika nchi za baridi, ambako maji huganda na kupasua injini. Mfasiri akilihamisha neno kwa neno, hupata kizuia kuganda au kizuia barafu. Msomaji wa Dodoma au Mombasa akilisoma, hufikia uamuzi ulio sawa kabisa kimantiki: huku hakuna barafu, basi dawa haihitajiki. Hujaza maji ya bomba.

Ilhali kazi za dawa hiyo ni zaidi ya moja. Ikichanganywa na maji kwa nusu, hupandisha kiwango cha kuchemka, na viungo vyake huzuia kutu isile njia za maji, pampu na rejeta. Katika injini zenye silinda hedi ya aluminiamu ulaji huo ni mbaya zaidi. Njia za maji zikiziba, gari huanza kuchemsha, na likichemsha huunguza gasketi ya silinda hedi. Bei ya galoni moja ya dawa haikaribii bei ya kazi hiyo. Istilahi kiowevu cha kupozea injini hutaja kazi ambayo hata sisi tunaihitaji, na kwa hiyo humwongoza msomaji vizuri zaidi.

3. Matengenezo

Neno hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu limekusanya kazi nne zilizo tofauti. Watumishi wanaoandaa makadirio ya magari ya ofisi wanafahamu jambo hili: fungu ni moja, “matengenezo,” na humo ndani huingia kubadilisha chujio na kushusha injini vilevile. Twapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Huduma: kazi inayofanywa kwa kufuata muda au kilomita, ingawa hakuna kilichoharibika. Mfano: kubadilisha oili na chujio.
(b) Marekebisho: kurudisha kipimo mahali pake bila ya kubadilisha kifaa.
(c) Matengenezo: kuondoa hitilafu iliyokwisha kutokea.
(d) Ukarabati: kurudisha hali ya kitu kizima kilichochakaa, kama vile kushusha injini au kunyoosha bodi na kupiga rangi upya.

Umuhimu wa mgawanyo huu waonekana katika injini za dizeli za W123. Kadiri zinavyotumika, nafasi za valvu hubana. Zisiporekebishwa, injini hukataa kuwaka asubuhi na hupoteza nguvu. Fundi mvivu husema, “Injini imechoka, tuishushe.” Huo ni ukarabati. Huenda kilichohitajika ni marekebisho tu: milimita 0.10 kwa valvu za kuingizia hewa na 0.30 kwa zile za kutolea moshi, injini ikiwa baridi, kwa zile zisizo na tabo. Kazi hiyo yahitaji spana, geji, kifuniko kufunguliwa, na subira.

Mfano wa pili: dereva anazima ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Mtu hudhani pampu ya dizeli imeharibika. Lakini katika gari hili, ombwe linalozima injini ndilo pia linalofunga milango. Mpira mwembamba ukipasuka ndani ya mlango mmoja, injini yaweza kukataa kuzimika. Haya ni matengenezo, tena madogo.

Mwenye fedha kidogo na atangulize huduma na marekebisho, kisha matengenezo ya breki na usukani. Ukarabati, hasa wa rangi, ungoje.

4. Spea bandia

Dukani, kila spea isiyo na nyota ya Mercedes huitwa bandia. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi hulipa bei ya juu bila ya sababu, au hukata tamaa na kununua chochote. Lakini kiwanda cha gari hakitengenezi kila kifaa chake. Pampu za kusukumia dizeli za magari haya, kwa mfano, zilitengenezwa na Bosch. Spea iliyotoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ikiwa na jina lake mwenyewe, haimdanganyi mtu, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Anayedanganya ni yule anayebandika jina lisilo lake.

Kwa hiyo twapendekeza spea ya kiwanda kwa ile yenye nembo ya gari. Spea mbadala kwa ile ya mtengenezaji mwingine anayejitaja. Na spea ghushi kwa ile yenye jina la wizi. Spea ya mtumba ibaki kama ilivyo, kwani inaeleweka. Ya mtumba yafaa kwa kioo, taa au kitasa. Kwa mipira na pedi za breki haifai.

Hatukusudii kuwafundisha mafundi kazi yao. Maneno kama rejeta, gasketi, plagi na klachi yamekwisha kuzoeleka, na hatuoni haja ya kuyabadilisha. Tulichokigusa ni yale yanayompotosha mtumiaji. Wafasiri wa vitabu vya magari, walimu wa vyuo vya ufundi na waandaaji wa zabuni wanaombwa kuyajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maneno yanayotumiwa na mafundi wa sehemu zao, hasa pale ambapo fundi ana neno bora kuliko la kwetu.